Kikao cha Dharura Kuhusu Agizo la "Kilimalize"

CHAMA CHA KUSAIDIANA CHA WAFANYAKAZI WA KARAKANA YA VANILA, ANKAZOMENA

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA KILICHOFANYIKA JUMAPILI, TAREHE 14 SEPTEMBA 2014

MAHALI: Banda la kuchambulia, upande wa kusini. Upande wa kaskazini unavuja.

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Bezandry – Mwenyekiti (mnyapara wa karakana)
2. Bi. Velontsara – Katibu (mizani)
3. Bi. Soazara – Mjumbe (msimamizi wa meza za kuanikia)
4. Bibi Zafisoa – Mjumbe (mchambuaji)
5. Bw. Tombozara – Mjumbe (mbeba masanduku)
6. Wanachama wengine kumi na tisa

WASIOHUDHURIA KWA RUHUSA
Bw. Jaotombo – Mhazini. Mkewe amejifungua.

WASIOHUDHURIA BILA RUHUSA
Bw. Lemanja. Alituma salamu kwamba anaumwa. Wajumbe wawili walimwona njiani na jogoo wake kwapani, akielekea kwenye mapigano.

KUMB. NA. 1/14: KUFUNGUA KIKAO

Kikao kilianza saa nane na nusu mchana. Mwenyekiti alikuwa ameagiza watu wakutane "baada ya kula", na kila nyumba inakula kwa saa yake. Katibu aliomba siku nyingine saa itajwe. Mwenyekiti alijibu kwamba kila mtu mzima anajua baada ya kula ni lini.

Mwenyekiti alifungua kwa hotuba, kama ilivyo desturi. Aliwaomba radhi waliomzidi umri kwa kusimama mbele yao, aliwaomba radhi aliowazidi kwa kuwatangulia, kisha akaanza kuwaomba radhi wale ambao hawakuwepo. Bibi Zafisoa alisema, "Bezandry mwanangu, radhi zote tumezipokea, hata za wajukuu zako. Sema kilichotuleta." Mwenyekiti aliketi.

KUMB. NA. 2/14: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Zilisomwa na kuthibitishwa. Bw. Tombozara aliomba sentensi inayosema kwamba alisinzia ifutwe. Aliulizwa kama hakusinzia. Alisema alisinzia, ila haikuwa lazima kuandika. Sentensi imebaki.

KUMB. NA. 3/14: YATOKANAYO – PAA LA BANDA

Ilikumbushwa kwamba mwezi Juni mwenye karakana, Bwana Rajaonah, alisema paa "liangaliwe". Mwenyekiti alitoa taarifa kwamba limeangaliwa. Bw. Tombozara aliuliza kama kuna aliyepewa bati au misumari. Mwenyekiti alisema hilo halikusemwa. Paa linaendelea kuangaliwa.

KUMB. NA. 4/14: VANILA ZA AMBODIVOARA ZILIZOOTA UKUNGU

Katibu alitakiwa kueleza tukio tangu mwanzo, kwa kuwa mizani iko mbele ya uwanja na aliona yote.

Jumatatu asubuhi, wakati wa kuanika, Bwana Rajaonah alitoka barazani akiwa na kikombe cha kahawa. Uwanjani kulikuwa na safu mbili za meza. Safu ya kaskazini ilikuwa na vanila za zamani, zilizokwisha kunywea na kuwa nyeusi. Safu ya mashariki ilikuwa na vanila za wakulima wa Ambodivoara, zilizochemshwa juzi yake tu na bado mbichi ndani. Bwana Rajaonah alisema, "Zile za kule zipumzike kwanza. Hizi nyingine ziendelee." Kisha akaonyesha. Kupumzika ni kutolewa juani na kuwekwa masandukuni.

Nyuma ya safu hizo mbili, katikati yake, kuna kilima cha makaburi, na baba yake Bwana Rajaonah amelala pale. Mtu aliyelelewa vizuri haelekezi kidole kilichonyooka kaburini. Bwana Rajaonah alikunja kidole, akaonyesha kwa kifundo. Hapo hakuna wa kumlaumu, sote tungefanya vivyo hivyo. Lakini kidole kilichokunjwa hakisemi meza ipi, na mtu ambaye nyumbani kwake humwambia mgeni asogeze kikombe kusini kidogo, siku hiyo hakutamka kaskazini wala mashariki. Alimaliza kahawa akaingia ndani.

Bi. Soazara alieleza kwamba hakuelewa, na kwamba alimwendea mnyapara kumuuliza. Aliomba maneno yaandikwe yalivyokuwa, nayo ni haya:

"Nilikuambia, kaka Bezandry, ni zipi zipumzike? Ukaniambia, 'Zile alizosema.' Nikakuambia, zile alizosema ni zipi? Ukaniambia, 'Dada, wewe una miaka mingapi kwenye meza hizi hata leo uniulize mimi?' Watu wakacheka. Nikaona haya, nikarudi."

Mwenyekiti alisema hakumbuki kicheko. Bw. Tombozara alisema yeye ndiye aliyecheka, na anasikitika.

Bi. Soazara aliendelea kwamba ilimbidi akisie. Bwana Rajaonah alikuwa amesimama karibu zaidi na safu ya kaskazini, kwa hiyo "kule" akaichukua kuwa mashariki. Vanila za Ambodivoara zilikunjwa ndani ya mablanketi zikawekwa masandukuni. Zile za kaskazini, ambazo ndizo zilizokusudiwa kupumzika, zilibaki juani, zikakauka kama vijiti vya kuwashia moto.

Alhamisi masanduku yalifunguliwa. Bibi Zafisoa alisema alipata harufu kabla kifuniko hakijainuliwa, akatamani pua yake iwe imezeeka. Vanila zote zilikuwa nyeupe kwa ukungu. Kila moja ilikuwa bado na alama za sindano ambazo wakulima huzitoboa zingali mtini, kila familia na alama yake, ili mwizi asidai ni zake. Zilichomwa Ijumaa nyuma ya jiko. Moshi wake ulinukia vizuri mpaka jioni, jambo lililowaudhi watu kuliko kama ungenuka.

Bi. Soazara ameolewa Ambodivoara. Alama mojawapo ni ya mumewe na shemeji zake. Alisema kwamba leo kanisani wifi yake alihamia benchi lingine. "Kama angenitukana ningemjibu," alisema. "Alichukua kitabu chake cha nyimbo akahama." Hapo alishindwa kuendelea. Katibu aliweka kalamu chini.

KUMB. NA. 5/14: AGIZO LA MWENYE KARAKANA

Mwenyekiti alieleza kwamba jana, Bwana Rajaonah alipokuwa akipanda gari kwenda mjini, alimwita akamwambia, "Hili la meza, chama kikae, kilimalize." Halafu akafunga mlango.

Mwenyekiti alisema agizo liko wazi. Kulimaliza ni Bi. Soazara aondoke kazini, na chama ndicho kimwambie, kwa upole, na kimchangie mchele wa kuanzia. Alisema haipendi kazi hiyo lakini ametumwa.

Bw. Tombozara alisema yeye anaelewa kinyume. Kulimaliza ni kulifunika, watu waache kulisema, kazi iendelee. Mwanachama mmoja alisema labda maana yake chama kiwalipe fidia Ambodivoara. Mwingine akasema labda Bwana Rajaonah alimaanisha meza zenyewe, kwamba zihamishwe pale zilipo. Mjadala uliendelea hivyo mpaka ikawa vigumu kuuandika. Watu wazima ishirini na wanne walikuwa wanapiga ramli juu ya sentensi moja ya mtu anayekaa ng'ambo ya uwanja.

Mwenyekiti alisema kubahatisha hakuna maana kwa sababu yeye anamfahamu Bwana Rajaonah tangu ujana. "Mimi namwelewa hata akikohoa."

Bw. Tombozara: "Basi Mzee mnyapara, Jumatatu alikohoa kaskazini au mashariki?"

Mwenyekiti alimtaka Bw. Tombozara aheshimu kiti.

Bibi Zafisoa aliomba nafasi. Alikumbusha habari ya mbwa. Mwaka juzi mbwa wa Bwana Rajaonah alikuwa akiingia bandani na kulalia mablanketi, na Bwana Rajaonah akasema suala la mbwa lishughulikiwe. Mwenyekiti alieleza wakati ule kwamba amemwelewa. Mbwa aliuawa. Bwana Rajaonah alijifungia ndani kwa majonzi siku mbili, kwani alitaka mbwa afungwe kamba. "Yule alikuwa mbwa," Bibi Zafisoa alisema. "Huyu ni Soazara. Ana watoto watatu na kiti chake kile pale. Safari hii tusielewe haraka."

Mwenyekiti alisema habari ya mbwa haimo katika ajenda. Wajumbe walisema sasa imo.

KUMB. NA. 6/14: NAMNA YA KUPOKEA MAAGIZO

Katibu alisema kwamba, kwa maoni yake, ambayo anajua hayakuombwa, ukungu haukuanzia masandukuni. Umeanzia kwenye desturi yetu ya kusema "ndiyo, Mzee" kwa neno ambalo hatukulielewa, halafu kugeukiana na kuulizana, "Kasema nini?" Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Sisi tumechelea kumuudhi mkubwa, na anayelia ni Soazara.

Mwenyekiti alijibu kwamba kumwambia mkubwa arudie maneno yake ni kumwambia kwamba hajui kusema. Alisema baba yake hakumfundisha hivyo, na kwamba kazi ya mnyapara ipo kwa sababu hiyo: mkubwa aseme kidogo, mnyapara ajaze. Ilionekana kwamba jambo hili lilimgusa. Alisema, kwa sauti ya chini, "Mkianza kumuuliza wenyewe, mimi nitakuwa wa nini?" Hakuna aliyecheka. Katibu, ambaye ana mengi dhidi ya Mwenyekiti, alimhurumia.

Bibi Zafisoa alisema adabu ya kurudia maneno ipo tangu zamani. Kwenye posa, upande wa binti haujibu mpaka uyarudie maneno ya waliokuja kuposa, moja baada ya jingine, na wao wakubali kwamba ndivyo walivyosema. "Hakuna mkwe aliyewahi kuona ametukanwa. Huona amesikilizwa. Basi huyu naye tumfanye mkwe."

ILIAMULIWA kwamba kuanzia sasa kila agizo la mwenye karakana lipokewe kwa radhi, lirudiwe mbele yake kwa sauti, na litajwe kitu gani, upande gani na siku gani. Likiwa halijaeleweka, lirudiwe tena. Mnyapara ndiye atakayetangulia kurudia, akiwepo, ili heshima yake ibaki.

Mwenyekiti aliuliza ni nani atakayeanza. Wanachama walitazama miguu yao. Aliuliza mara ya pili. Watu waliokuwa wamenyoosha mikono kupitisha azimio walikuwa wameirudisha mapajani, na mmoja alianza kufunga kamba za viatu, ingawa alivaa ndala.

Bi. Soazara alisimama akasema, "Nitaanza mimi. Nitaanza leo, kwa hili langu. Siwezi kufukuzwa kwa neno la kukisia. Kama ni kufukuzwa, anifukuze mwenye mdomo wake."

Kikao kiliahirishwa kwa muda. Bi. Soazara alisindikizwa na Bibi Zafisoa na Katibu. Mwenyekiti alisema yeye hatakwenda. Walipofika katikati ya uwanja walimsikia akija nyuma yao.

KUMB. NA. 7/14: TAARIFA YA WALIOKWENDA KWA MWENYE KARAKANA

Kikao kiliporejea, Katibu alitoa taarifa ifuatayo, na waliokuwepo waliithibitisha.

Walipiga hodi wakakaribishwa. Bwana Rajaonah alikuwa barazani, ametoka kula, anakunywa maji ya ukoko wa wali. Bi. Soazara aliketi mkekani chini ya kiti chake, akaomba radhi kwa kumkatizia mapumziko, kwa kuja bila kuitwa, na kwa kuwa mwanamke anayetangulia kusema. Kisha alisema:

"Mzee, tumesikia kutoka kwako kwamba hili la meza chama kikae, kilimalize. Ndivyo ulivyosema?"

Bwana Rajaonah alisema ndivyo.

"Jambo lenyewe ni mimi. Nibaki kazini au niondoke?"

Bwana Rajaonah alisema, "Mama Soazara, haya ni mambo ya watu wazima. Tutaelewana."

"Nimesikia: ni mambo ya watu wazima, tutaelewana. Mimi ni mtu mzima, Mzee, na bado sijaelewa. Nibaki au niondoke?"

Bwana Rajaonah alimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa anatazama nguzo ya baraza. Bwana Rajaonah aliuliza, "Lakini si mmekaa? Mmeamua nini?"

Bibi Zafisoa alijibu, "Tumeamua kuja kukuuliza."

Katibu aliona kwamba Bwana Rajaonah hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyekutwa bila shati. Hatimaye alisema, "Nilitaka mseme nyinyi. Mimi nikisema aondoke, Ambodivoara watasema nimemtoa mwanamke wao kwa kosa langu. Nikisema abaki, watasema nimedharau vanila zao. Vyovyote nitakavyosema, lawama ni yangu."

Bi. Soazara alisema, "Ni yako, Mzee. Ungependa iwe ya nani?"

Hayo aliyasema polepole, bila ukali. Katibu amefanya kazi pale miaka tisa na hajapata kusikia mtu akimwambia Bwana Rajaonah neno kama hilo. Alitegemea kikombe kirushwe. Hakikurushwa.

Bwana Rajaonah alisema, "Ubaki. Lakini meza zile asimamie mwingine. Wewe ukae na wachambuaji."

Uso wa Bi. Soazara ulibadilika. Alirudia yote: "Nimesikia. Nibaki. Si msimamizi tena. Nikae na wachambuaji, kuanzia kesho Jumatatu."

"Ndiyo. Kuanzia kesho."

"Na Ambodivoara nani atakwenda kuwaeleza?"

"Hilo tutaona."

"Nimesikia: hilo tutaona. Basi leo jioni nitakwenda mimi, na nitawaeleza kama ulivyoonyesha na kama ulivyosema, pamoja na hili la kwamba tutaona."

Bwana Rajaonah aliweka kikombe chini. Alisema atakwenda mwenyewe. Aliulizwa lini. Alisema Jumanne. Bibi Zafisoa alimwambia, "Mwanangu, Jumanne ni mwiko Ambodivoara, hawapokei neno siku hiyo, na wewe unajua." Alisema Jumatano. Aliulizwa atasema nini. Alisema, na hii Katibu aliiandika papo hapo kiganjani, "Nitasema agizo lilikuwa langu na halikuwa wazi." Bi. Soazara aliirudia. Bwana Rajaonah alikubali kwamba ndivyo alivyosema. Walishukuru wakaondoka.

Baada ya taarifa hii baadhi ya wanachama walipiga makofi. Bi. Soazara aliwaomba wasipige.

KUMB. NA. 8/14: MENGINEYO

Mwenyekiti alipendekeza kwamba nafasi ya usimamizi wa meza apewe shemeji yake, dada wa mkewe. Pendekezo halikuungwa mkono. Ilikubaliwa kwamba mwenye karakana ataulizwa kesho asubuhi, na jina analotaka litarudiwa mbele yake.

Bi. Soazara aliomba kusema. Alisema, "Nimeshushwa, na imeniuma, sitaki mtu aseme haikuniuma. Meza zile nilipewa na marehemu baba yake Bwana Rajaonah. Lakini nimeambiwa, tena nimeambiwa mimi, usoni kwangu. Juma zima nimelala na sentensi ya mtu mwingine kichwani, naigeuza huku na huku kama blanketi fupi. Leo nitalala."

KUMB. NA. 9/14: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti aliuliza kama kuna la ziada. Bi. Soazara alisema lipo moja, na alilielekeza kwake kama mnyapara. Alisema, "Kaka Bezandry, samahani. Kesho nikae wapi?"

Mwenyekiti alifungua mdomo kama mtu anayetaka kusema neno alilolizoea. Kisha aliufunga. Alisimama, akapita katikati ya wanachama mpaka kwenye meza za kuchambulia, akaweka mkono juu ya moja. Alisema, "Hii hapa. Ya tatu kutoka mlangoni, upande wa magharibi, pembeni mwa Bibi Zafisoa. Saa moja asubuhi. Utaanza na zile fupi." Aliyasema akimtazama usoni.

Bi. Soazara aliyarudia maneno yote, moja baada ya jingine. Mwenyekiti alisema ndivyo alivyosema.

Kikao kilifungwa kwa sala saa kumi na moja na robo jioni.

Kumbukumbu hizi zilisomwa mbele ya Mwenyekiti. Aliuliza kama maneno yake ya KUMB. NA. 6/14, yale ya sauti ya chini, ni lazima yawemo. Katibu alimwambia akitaka yatafutwa. Alifikiri, akasema yaachwe.

Sahihi: .......................... Bezandry, Mwenyekiti

Sahihi: .......................... Velontsara, Katibu

Tarehe: 14 Septemba 2014